Vipuri vya Nyumbani

"Usiniambie umeme," mke alisema. "Umeme ulioua pasi ungeua na balbu. Balbu hiyo hapo juu ya kichwa chako inawaka."

"Balbu na pasi si kitu kimoja." Mume alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kiti, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. "Pasi inavuta moto mwingi. Umeme ukipanda ghafla, kinachovuta sana ndicho kinachoumia."

"Redio inavuta nini?"

"Redio ilikuwa imezeeka."

"Feni?"

"Iliingia vumbi."

"Na friji nayo iliingia vumbi."

"Friji nimekuambia nitaiangalia Jumamosi."

"Jumamosi ya mwezi gani, Fundi? Nataka niivalie vizuri."

Alimwita Fundi akiwa amekasirika tu. Siku nyingine alimwita Baba, kama watoto walivyokuwa wakimwita kabla hawajaondoka. Waliomwita Fundi kila siku ni watu wa mtaani, nao walimwita hivyo kwa heshima, kwa sababu katika miaka ishirini na miwili ya kutengeneza vyombo vya umeme hajawahi kumwambia mteja "njoo kesho" mara mbili. Akisema Ijumaa, ni Ijumaa.

"Ni bahati mbaya tu," alisema, akafunga kamba ya kiatu. "Mambo haya yakianza huja kwa mafungu."

"Wifi kaniambia nyumba ina nuksi."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia nuksi yenye akili isingeingia kwa fundi."

Alitaka kucheka, akaona uso wa mkewe, akaacha. Juu ya meza kulikuwa na sketi nane za bluu, zimeshonwa lakini bado zina mikunjo, na pembeni yake rundo la vitambaa vilivyokatwa tu. Sare arobaini kwa jumla. Shule inafunguliwa Jumatatu, na leo ni Alhamisi. Mwalimu mkuu alikuwa amesema kwa upole, na upole wake ndio uliotisha: "Mama, watoto wakiingia darasani na nguo za nyumbani, mwakani nitalazimika kuagiza kiwandani." Oda ya shule ndiyo iliyomfanya mke huyu aitwe Mama Sare. Bila hiyo angekuwa mama wa kukata pindo za suruali.

"Nazipiga pasi na nini?" aliuliza.

"Azima kwa jirani leo. Hii naenda nayo karakana."

Akaitia pasi iliyokufa kwenye mfuko wa plastiki, akaondoka. Mlango ulipofungwa, nyumba ilinyamaza. Zamani friji ilikuwa ikinguruma mpaka hakuna aliyeisikia, na redio ilikuwa ikisema yenyewe jikoni. Sasa Mama Sare alijikuta akikohoa bila kikohozi, apate kusikia kitu. Kisha akakanyaga pedali ya cherehani. Hiyo bado ilikuwa nzima. Ililia kwa sauti yake ya nyuki aliyenaswa kwenye chupa, na kwa saa mbili chumba kikawa na watu wawili, na sketi nane zikawa kumi na mbili.

*

Jirani wa mkono wa kulia aliitwa Mama Mapacha. Alifungua mlango akiwa na pacha mmoja kiunoni, mwingine amemshika sketi kwa nyuma.

"Makubwa haya," alisema. "Mke wa fundi kaja kuazima pasi. Kweli mganga hajigangi."

"Hajigangi wala hawagangi wa nyumbani," Mama Sare alijibu. "Ipo?"

"Ipo, shoga, ipo. Ingia. Meza hiyo hapo. Ila soketi ni moja tu inayofanya kazi, itabidi uchomoe feni." Akaketi, akamweka mtoto mapajani. "Naichomoa kwa uchungu, nikwambie ukweli. Ile feni nilikuwa nimeshaiweka nje na takataka. Mumeo akapita, akaiona, akasema, 'Mama, njoo Ijumaa.' Nikasema huyu ananifariji. Ijumaa nimefika, kaiwasha, imenipuliza mpaka kitambaa kikanitoka kichwani. Mumeo ana mkono wa heri."

"Anao."

Mama Sare akachomoa feni. Mapanga yalizunguka kwa uvivu, yakapungua, yakasimama. Panga moja lilikuwa limeungua ukingoni, limejikunja kama sikio la mbwa. Alilijua sikio hilo. Aliliunguza mwenyewe mwaka juzi, umeme ulipokatika akaweka mshumaa karibu mno, na mume wake akamtania wiki nzima.

"Vipi, haipati moto?" Mama Mapacha aliuliza.

"Inapata."

Alipiga pasi sketi kumi na mbili akiwa amesimama, marinda manne kila sketi, bila kusema. Mama Mapacha alisema kwa niaba ya wote wawili: bei ya mkaa, meno ya mapacha, mumewe asiyepokea simu. Mama Sare alimaliza, akazikunja sketi, akairudisha plagi ya feni mahali pake kwa mkono wake mwenyewe. Feni ilianza kuzunguka. Upepo wake ulikuwa uleule.

"Mwambie Fundi ahsante tena," Mama Mapacha alisema mlangoni.

"Nitamwambia."

*

Jioni alimpakulia mumewe chakula, akaketi mbele yake.

"Leo nimeiona feni yetu," alisema. "Haijambo. Inakusalimu."

Kijiko kilisimama njiani. Mume alikirudisha kwenye sahani polepole, kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

"Mapanga tu," alisema mwishowe. "Mota ya feni ya jirani ilikuwa nzima. Mapanga ndiyo yalikuwa yamevunjika, na dukani hayauzwi peke yake siku hizi. Wanauza feni nzima."

"Na redio?"

"Spika."

"Friji?"

"Kile kidude cha kuwashia mota. Kidogo tu, kinaenea kiganjani. Niliagiza kingine, hakijafika."

"Pasi?"

Alitazama sahani. Pasi ilikuwa imetimiza saa kumi tu tangu ife, hata yeye aliona ni mapema kuizungumzia.

"Basi hakuna umeme mbaya," Mama Sare alisema. "Hakuna nuksi. Kuna wewe. Na leo asubuhi umeniacha nibishane na waya za ukutani."

"Nilikuwa nirudishe kila kitu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba karakana imeisha?" Alisema bila kupaza sauti. "Watu wananunua vipya. Vikiharibika wanatupa, wananunua vipya tena. Anayeniletea kitu leo ananiletea kwa kunijaribu. Nikimwambia kipuri hakuna, anachukua chombo chake, haji tena, na anamwambia mwenzake. Mteja akiondoka harudi, mama watoto. Wewe upo."

Alisema hivyo kama mtu anayetoa sifa. Ndivyo alivyoona yeye. Kuna vitu duniani ambavyo havina haja ya kulindwa kwa sababu haviendi popote: ukuta, kisima, mke.

Mama Sare alisubiri aone kama atasikia mwenyewe alichokisema. Hakusikia. Alikuwa ameanza kula tena, amepata nafuu ya mtu aliyekiri.

"Cherehani usiiguse," alisema.

"Nani aiguse cherehani? Hiyo ni mkono wako."

"Nimesema."

"Nimesikia."

*

Ijumaa asubuhi vifungo viliisha. Alikwenda sokoni kwa miguu, akimwacha mumewe anakunywa chai, akakuta vya bluu vimepungua, akazunguka vibanda vitatu mpaka akapata vinavyofanana. Goti lake la kulia lilianza kuuma kwenye kibanda cha pili. Goti hilo ndilo lililomwachisha cherehani ya kukanyaga. Alipopata oda yake ya kwanza ya shule alinunua mota, ile ndogo ya kufungwa ubavuni, na mumewe akaifunga kwa bolti moja, akaukaza mkanda, akasema: "Sasa kanyaga kwa kidole gumba tu, goti lipumzike."

Alirudi kabla ya adhuhuri. Akaketi, akaingiza kitambaa chini ya mguu wa cherehani, akakanyaga. Kimya. Akakanyaga tena. Akatazama balbu, inawaka. Akainama kuangalia waya wa pedali, na ndipo alipoona. Ubavuni mwa cherehani palikuwa na tundu la bolti, safi, limefutwa mafuta kwa kitambaa. Mkanda ulikuwa umekunjwa vizuri na kuwekwa ndani ya droo pamoja na uzi, ili usipotee. Alikuwa mfanyakazi nadhifu.

Mama Sare hakusimama. Alishika gurudumu la cherehani kwa mkono wa kulia, akalizungusha, akasukuma kitambaa kwa mkono wa kushoto. Sindano ilishuka, ikapanda. Kitambaa kilikwenda upande. Alikirudisha. Sketi moja ilimchukua saa nzima na dakika ishirini, na mshono wa pindo ulikuwa umeyumba kama mlevi. Zilibaki sketi kumi na moja na kaptula kumi na sita. Alifanya hesabu hiyo mara moja tu.

Akampigia simu binti yake, aliyekuwa akifanya kazi mji mwingine.

"Mama, niko kazini," binti alisema. "Kuna nini?"

"Cherehani haina mota."

"Imeungua?"

"Haipo."

"Sasa si unamwambia Baba? Mama, una fundi ndani ya nyumba." Nyuma ya sauti yake watu walikuwa wakicheka jambo lingine. "Au nunua mpya. Siku hizi si ghali. Nitakupigia Jumapili, sawa?"

"Sawa, mama."

Aliiweka simu mezani. Alisikia saa ya ukutani ya Mama Mapacha kupitia ukuta. Hakujua mpaka siku ile kwamba jirani ana saa inayogonga.

*

Karakana ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati na benchi nje. Wateja watatu walikuwa wamekaa, kila mmoja na chombo chake mapajani kama mgonjwa. Ndani, Fundi alikuwa amemwinamia mzee mwenye birika la umeme.

"Lilianza lini, mzee wangu?" alikuwa akiuliza. "Lilikuwa linatoa harufu, au limezima tu? Pole sana. Kaa, kaa, usisimame."

Mama Sare alipita benchi.

"Mama, kuna foleni hapa," mwanamke mmoja alisema.

"Mimi si mteja."

"Ndiyo vizuri, sasa si usubiri wateja wamalizike?"

Fundi aliinua kichwa. Alimwona, akaweka bisibisi chini. Hakujifanya hajui. Alitoka hadi mlangoni na kuongea kwa sauti ya chini, mgongo wake ukiwa umewazuia watu wa benchi.

"Ni hadi Jumatatu tu."

"Jumatatu shule imefunguliwa."

"Najua. Lakini ana gauni la bibi harusi, la Jumapili. Mota yake imeungua kabisa, nilimwahidi leo saa nne. Alilia hapa, mbele ya watu. Ningefanya nini?"

"Nani?"

"Mteja."

"Mteja gani, Baba?"

Alikuna shingo. "Bi Lesi. Wa pale kona."

Mama Sare alimjua Bi Lesi kama mtu anavyomjua mpinzani wa kura: kwa mbali na kwa undani. Mshonaji wa magauni, kibanda chenye kioo mbele, hakuna nguo iliyotoka pale bila lesi mahali fulani. Kwa miaka minane walikuwa wakisalimiana kwa kidevu. Kila mmoja aliamini mwenzake anaringa.

"Alilia," Mama Sare alisema.

"Alilia sana."

"Na mimi nikilia?"

Mumewe alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Wewe huwa hulii," alisema.

Mzee wa birika alikohoa ndani. Watu wa benchi walikuwa wanaangalia miguu yao. Yule mwanamke wa foleni alisogea kidogo akaacha nafasi kwenye benchi, akaipiga kwa kiganja, kumaanisha kaa hapa. Huruma hiyo ilimchoma kuliko maneno ya mwanzo.

"Nikaitoe?" Fundi aliuliza. "Ukitaka nikaitoe, naenda sasa hivi." Lakini alikuwa tayari anatazama ndani, kwenye birika, na mkono wake ulikuwa umeshika fremu ya mlango. Angekwenda. Angerudi na mota na aibu, na kesho angetafuta kitu kingine cha kutoa. Kitanda hakina waya. Labda kingesalimika.

"Usiitoe," Mama Sare alisema. "Umeshaahidi watu."

Uso wa mumewe ulilegea kwa shukrani. Akamshika bega, akarudi ndani kwa mzee.

*

Nyumbani alitandika shuka sakafuni. Akaweka vitambaa vilivyokatwa, sketi kwa sketi, kaptula kwa kaptula. Akaweka mkasi, chaki, uzi wa bluu rola nne, vifungo, sindano za akiba, na miwani. Akachukua ule mkanda kwenye droo, akautazama, akauacha palepale. Akafunga shuka kwa mafundo mawili, akajitwika. Ulikuwa mzigo wa kutosha kumfanya mtu aulizwe kama anahama.

Akafunga mlango. Njia ya kwenda kona ilipita karakana. Aliingia bila kusimama foleni, safari hii hakuna aliyemsemesha, na akaweka ufunguo mezani juu ya redio ya mtu.

"Ukitangulia kufika, utafungua," alisema.

"Kufika wapi? Unakwenda wapi na mzigo?"

"Kazini."

Alitoka. Nyuma yake alisikia mumewe akimwambia mzee, "Samahani kidogo," kisha hatua mbili, kisha hatua zikasimama. Pale karakana hapakuwa na mtu wa kumwachia wateja.

Bi Lesi alikuwa peke yake. Gauni jeupe lilijaa kibandani kama mgeni mnene. Lilikaa kwenye kiti, kwenye meza, nusu yake mikononi mwake. Alipoona nani ameingia, alisimama, akaushika upande wa cherehani uliokuwa na mota, kwa mkono wazi.

"Sikujua," alisema. "Nimeona waya ulivyofungwa kwa uzi wa bluu wa sare ndipo nikaelewa. Nilikuwa nijifanye sikuelewa mpaka Jumapili. Nakuambia ukweli."

"Ukweli wako ni mzuri kuliko nilioupata nyumbani." Mama Sare alitua mzigo. Goti lake lilikuwa linawaka moto. "Sikuja kuifungua."

"Umekuja kufanya nini?"

"Kushona. Mota yangu, cherehani yako. Nina vipande ishirini na saba. Gauni lako limebaki nini?"

Bi Lesi alimtazama yeye, akautazama mzigo, akatazama barabara, kama anatafuta mtego ulipo. Alikuwa mdogo kuliko alivyoonekana nyuma ya kioo, na macho yake yalikuwa bado mekundu.

"Pindo na mikono," alisema.

"Shona mikono. Mimi nitakata nyuzi nikikusubiri. Halafu unipishe."

"Na Jumapili ikipita?"

Hilo Mama Sare hakuwa ameliwaza. Alilipata jibu akiwa amesimama, na alipolipata aliona lilikuwa limekaa tayari, linamsubiri aache kuzunguka.

"Jumapili ikipita nakuja Jumatatu," alisema. "Mota inabaki hapa. Kodi ya kibanda tunagawana. Magauni yako, sare zangu. Sigusi lesi."

"Mumeo atasemaje?"

"Mume wangu anapenda wateja. Akitaka kuniona, atakuja na tutampa kiti."

Bi Lesi akatoa sauti fulani, nusu kicheko, nusu kitu kingine. Akaliinua gauni lote kwa mikono miwili, akaliondoa kwenye cherehani, akaketi nalo kwenye kigoda ukutani.

"Anza wewe," alisema. "Wewe una vipande ishirini na saba. Mikono nitaipachika kwa sindano ya mkono, ndivyo inavyokaa vizuri zaidi. Nilikuwa naona uvivu tu." Akaulamba uzi, akautia kwenye sindano, akakosa tundu, akarudia. "Huwa unaongea ukishona, au nikunyamazie?"

"Sijui," Mama Sare alisema. "Sijawahi kushona na mtu."

Akavuta kiti, akakishusha kidogo, kwa kuwa Bi Lesi alikuwa na miguu mirefu. Akafungua mafundo ya shuka. Akaweka sketi ya kwanza chini ya mguu wa cherehani, akaushusha, akakanyaga.